Mgeni anayelipiwa, ni mgeni bado?

Wazee walituachia neno hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Vijana wengi wanalisikia kama neno la uchoyo, kwamba mwenye nyumba amechoka. Nasi tulilielewa vile, mpaka tulipokuwa wageni sisi wenyewe.

Mwaka wa 2006, tukiwa tumetoka kumaliza ISP, tulivuka mpaka wa Gatumba, walimu wawili kutoka Uvira, kwenda Bujumbura kujifunza kazi ya kujitolea: kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kwa majuma sita ya mafunzo, shirika lilituweka katika familia moja ya Buyenzi, mtaa ambamo Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kila juma liliipa familia ile pesa ya chakula chetu.

Desturi hii haikuanzia hapo. Wamarekani wa Corps de la Paix, waliofika Tanganyika mwaka wa 1961, na kwetu Kongo wakakaa tangu 1970 mpaka 1991, wanaifuata pia. Kule Tanzania anayejifunza anakaa katika familia majuma kumi hivi kabla ya kula kiapo na kutumwa kazini. Anajifunza kuwasha mkaa na kuwaamkia wakubwa kwa shikamoo. Familia inapewa pesa ya kumlisha. Ni haki: mama wa watoto sita asiongezewe mdomo mwingine bure. Lakini swali linabaki: anayelipiwa ni mgeni, ao ni mteja?

Majuma mawili ya kwanza tulikaa kama wabunge. Kiti kizuri kilikuwa chetu, mukeke ilikuwa yetu, na watoto walikula ndagala nyuma ya nyumba. Tulipotaka kuosha sahani, mama alikataa: «Acheni, walimu. Ninyi mumelipiwa.» Neno lile lilituchoma. Tulishiba, lakini hakuna aliyetutuma, hakuna aliyetukosoa.

Juma la tatu pesa ikachelewa. Mukeke ikapotea mezani. Tuliona haya, tukafunga sanduku zetu ili tumpunguzie mama mzigo. Akatukuta mlangoni, akacheka: «Munaenda wapi? Kamateni hizi bidoni, maji imekatika. Mukirudi mutakula na wengine.» Siku ile tulikula maharage sahani moja na watoto. Kesho yake baba akatugombeza sababu tulirudi usiku bila kuaga. Ndipo tulijua kama tumefika nyumbani. Pesa ilipokuja, mama aliipokea bila haya yoyote, nasi tukaendelea kuchota maji.

Kuna wenzetu wanaosema pesa imeua ukarimu. Wanakumbusha Januari 2002, Nyiragongo ilipounguza Goma, na familia za Gisenyi na Bukavu zikapokea watu bila kuuliza nani atalipa. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini tuseme ukweli wote: ukarimu ule ulikula akiba ya nyumba, na mara nyingi mama ndiye aliyelala njaa. Kumsaidia anayepokea si dhambi.

Kwa maoni yetu, pesa inalipa chakula tu. Hailipi kutumwa, wala kukosolewa, wala kuulizwa «umetoka wapi saa hizi?». Vitu hivyo vinatolewa bure, ao havitolewi kabisa. Ubaya unaanza pale pesa inapochukua fasi ya jembe: mgeni analipa ili asitumwe, mwenyeji anapokea ili asimjali. Jembe la wazee halikuwa la kumfukuza mgeni, lilikuwa la kumpa fasi. Mwenye jembe anahesabiwa kati ya watu wa nyumba.

Lakini jembe nalo lina kipimo. Tunawaona watoto wa ndugu wanaoletwa mjini kusoma, wakageuzwa boyi: wanafua, wanapika, na shule wanafika saa nne. Anayetaka kujua kama jembe ni la haki, aulize kitu kimoja: watoto wa mwenye nyumba nao wanalishika?

Basi, wewe unayepokea mgeni, pokea pesa ikiwa ipo, lakini mutume maji. Na wewe unayekwenda ugenini, usingoje siku ya tatu. Omba jembe mwenyewe.