Petro na Yuda: machozi yetu tunayapeleka wapi?



Wengi kati yetu wameungama zambi zao, lakini moyo ungali unawashitaki usiku. Je, huo ni unyenyekevu?

Tutazame watu wawili. Yuda alijuta kweli: alikiri kosa, akarudisha vipande 30 vya feza. Lakini mzigo wake aliupeleka kwa makuhani, nao wakamwachia mwenyewe. Akaenda peke yake, akajinyonga.

Petro naye, usiku ule wa kuota moto wa makaa, alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu. Lakini baadaye, penye bahari ya Tiberia, aliposikia kwamba ni Bwana, alijitupa majini amfikie. Huko pia moto wa makaa uliwaka. Bwana hakuficha kosa: alimuuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akampa kondoo wa kuchunga.

Basi msamaha haufuti habari ya kosa. Unaondoa hukumu na kurudisha mtu kazini. Anayekataa kusamehewa anajiweka mwamuzi juu ya Mwamuzi.

Uliyeiba, rudisha. Uliyemtukana jirani, mwendee. Kisha inuka, kondoo wanangoja. Amina.