Je, Twajua Mwenzetu Anajua Nini?



Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii twaitumia mara nyingi tukitaka kuwavumilia watu wenye mawazo tofauti na yetu. Lakini yafaa pia kwa watu wa kazi. Kama kila mtu ana akili yake, basi wafanyao kazi pamoja yawapasa kujua akili ipi iko kwa nani. Je, jambo hili ni la faida tu, au ni wajibu?

Tuanze na nyumbani. Mume hahangaiki kukumbuka tarehe za kliniki ya mtoto, maana ajua mkewe anazikumbuka. Mke naye hahangaiki kukumbuka karatasi za shamba zilipowekwa, maana hiyo ni kazi ya mumewe. Mwaka 1985 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliandika juu ya kumbukumbu ya namna hii inayogawanywa baina ya watu. Mwaka 1995 wataalamu wengine wa huko, Liang, Moreland na Argote, waliijaribu kwa wanafunzi waliofundishwa kuunganisha redio. Baadhi yao walifundishwa kila mtu peke yake, wengine walifundishwa pamoja watatu watatu. Baada ya juma moja wote walitakiwa kuifanya kazi ile wakiwa watatu watatu. Waliokuwa wamefundishwa pamoja walikumbuka zaidi, wakakosea kidogo. Hawakuwa na akili kupita wenzao, ila walijua nani aulizwe nini.

Redio ikiharibika hapana msiba. Chumba cha upasuaji ni jambo jingine. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla na baada ya upasuaji. Moja ni hili: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmojawapo ni Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Hatusemi kwamba kutaja majina peke yake kuliwaponya watu, maana orodha ina mengi. Lakini walioitunga waliona kwamba muuguzi aliyekwisha kutamka jina lake hupata ujasiri wa kusema aonapo hatari.

Hapa ndipo tunapoona wajibu. Twakubali sote kwamba mtu anayeficha ujuzi wake ili aonekane wa lazima anawakosea wenzake. Lakini asiyeuliza je? Mlinzi wa usiku ajua bomba lipi huvuja. Mpishi wa shule ajua watoto gani hawamalizi chakula siku hizi. Wasipoulizwa, kosa ni la nani? Wengine watasema, wangesema wenyewe. Sisi hatukubali. Mdogo kazini huogopa kuambiwa amejitia ujuaji, lakini mkubwa akiuliza hapati hasara yoyote. Kwa hiyo mzigo wa kuuliza uwe kwanza juu ya aliye na cheo. Tena asikisie ujuzi wa mtu kwa kutazama umri, mavazi, au kama ni mwanamume au mwanamke. Kumkisia mtu hivyo ni kumnyima haki yake, na kazi nayo hupata hasara.

Kuna hoja moja nzito dhidi yetu. Wapo wasemao kwamba tukimtegemea kila mtu kwa ujuzi wake, wengine tutakuwa wavivu, na siku fundi akihama au akifariki tutabaki mikono mitupu. Hoja hii ina kweli ndani yake. Ushirika ambao mtu mmoja tu ndiye ajuaye kuandika hesabu uko hatarini, hata kama mtu huyo ni mwaminifu. Lakini dawa si kila mtu kujua kila kitu, jambo lisilowezekana. Dawa ni kila ujuzi muhimu kuwa kwa watu wawili angalau, na mwenye kujua kupewa mtu wa kumfundisha. Nalo haliwezekani mpaka kwanza tujue nani anajua nini.

Basi, kazi ya pamoja ijayo, iwe ni kuezeka nyumba ya jirani au kuandaa harusi, tusianze kwa kugawa kazi kama tulivyozoea. Tuanze kwa kuulizana, na aliye wa mwisho katika mstari aulizwe naye, tena asubiriwe mpaka amalize kusema.