Kipimo cha Dawa na Haki ya Jirani

Mtu akinunua dawa ya shamba, kwa desturi huuliza maneno mawili: Je, itaua ugonjwa? Na bei yake ni nini? Maswali hayo ni mema, lakini hayatoshi. Liko la tatu, zito kuliko hayo, nalo ndilo tutakalolifikiri hapa: Dawa ile ikiisha kazi yake huenda wapi, nayo humfikia nani?

Na tuanze na mrututu. Mwaka 1885 mwalimu mmoja wa elimu ya mimea katika Ufaransa, jina lake Millardet, alitangaza kwamba mrututu uliochanganywa na chokaa huilinda mizabibu na ukungu. Tangu hapo shaba imenyunyizwa katika nchi nyingi, hata juu ya vijidudu viitwavyo bakteria, viletavyo madoa katika majani na matunda. Imeokoa mazao mengi, wala si haki kuisahau fadhili hiyo. Lakini shaba ni madini, haiozi kama jani. Mvua huiosha ikaanguka chini, na mwaka wa pili huongezwa nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga walisifu akiba, lakini neno lao ni kweli hata kwa sumu. Kwa ajili hiyo Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2019 umeweka mpaka: mkulima asizidishe kilo 28 za shaba kwa hekta moja katika muda wa miaka 7.

Tena, vijidudu havifi vyote. Vile vichache vinavyoistahimili dawa huzaana, na wazao wao hurithi nguvu ile. Huko Florida, katika Marekani, wakulima walitumia streptomisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943, ambayo imewaponya watu wengi kifua kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijidudu vya madoa ya nyanya na pilipili vilikuwa vimekwisha kuizoea. Na baadaye shaba nayo ikashindwa.

Basi wataalamu wanatafuta njia nyingine, nayo ni kuitia dawa katika vichukuzi vidogo mno. Vipimo vyake ni kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni. Kijidudu chenyewe huwa na urefu wa nanomita 1,000 au 2,000, na kichukuzi chaweza kuwa 100 tu. Vingine hufanywa kwa kitu kilicho cha asili moja na mchanga mweupe, vingine kwa kitu kitokacho katika magamba ya kamba na kaa. Kichukuzi hushikamana na jani, kisha huitoa dawa polepole, hata kidogo kikafanya kazi ya kingi. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza jinsi chembe za madini ya fedha, zilizobebwa juu ya vipande vyembamba vya kaboni, zilivyopunguza madoa ya nyanya katika majaribio.

Labda msomaji atasema, “Neno limekwisha, dawa kidogo, madhara kidogo.” Sisi hatudhani hivyo. Udogo ule ule unaokiingiza kichukuzi katika jani waweza kukiingiza katika viumbe vingine. Madini ya fedha hayachagui. Huua kijidudu kibaya na chema, nayo huwadhuru viumbe wa majini. Tena mtu aaminiye kwamba dawa yake haina madhara hunyunyiza mara mbili pale ambapo mara moja ingetosha. Naye jirani anayeteka maji bondeni hakuulizwa neno.

Mwingine atasema, “Basi tuiache kabisa mpaka yote yajulikane.” Hilo nalo si haki. Mnyauko wa migomba uliingia Uganda mwaka 2001, kisha ukaenea katika nchi jirani. Wala hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliougua. Nyumba iliayo ndizi kila siku, mgomba ukifa, hulala njaa. Kukataa ni tendo pia, nalo lina watu wake linaowaumiza.

Hukumu yetu ndiyo hii. Atengenezaye dawa na apimwe kwanza kwa swali la tatu: aonyeshe inakokwenda katika udongo na maji, kabla hajaiuza. Wala mkulima asiingojee dawa huku mikono yake imelala. Kulivunja ua la chini la mkungu kwa kijiti chenye panda, ili wadudu wasiliambukize. Kulipitisha panga motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine. Kulikata shina lililougua mara lionekanapo. Kazi hizo hazina gharama kubwa, wala hazimdhuru mtu. Dawa ije kuzisaidia, isishike mahali pake.

Kwa maana mpaka wa shamba ni habari ya watu tu. Maji hayaujui, wala vijidudu havioni alama zake. Aachaye mgomba mgonjwa usimame humdhuru jirani, na amwagaye dawa asiyoijua humdhuru vile vile. Wote wawili wamesahau kwamba kuna mtu upande wa pili.