Je, Mtoaji Ana Haki juu ya Zawadi Yake?

Tumfikirie mwanamke mmoja wa Kalemie afumaye bulangeti la sufu kwa ajili ya mtoto mchanga wa jirani yake. Hulifuma kwa namna iitwayo kroshe ya Tunisia: kwa sindano ndefu yenye ndoana hukusanya vitanzi vyote vya mstari mmoja, kisha, akirudi, huvifunga kimoja kimoja. Kazi hiyo hutoa kitambaa kizito chenye miraba midogo iliyo sawasawa. Na juu ya miraba hiyo hutarizi misalaba ya uzi mwekundu mpaka yatokee maua. Majuma mengi yapita ndipo alitoe.

Sasa tuseme mtoto ashikwa na homa, na mama yake, asiye na fedha, auza bulangeti sokoni ili anunue dawa. Je, amekosa? Na mtoaji ana haki ya kulalamika?

Wengine watajibu: Amekosa, kwa kuwa amedharau jasho la mwenzake. Vitambaa vya Filtisaf, kiwanda kilichofuma pamba zamani mjini mwetu, vilikuwa na bei. Lakini siku za mfumaji nani atazilipa? Neno hilo lina ukweli: kazi ya mikono yastahili shukrani. Walakini shukrani si deni. Deni hudaiwa kwa haki. Bali shukrani ikidaiwa, hufa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha, akimfuata Aristotle, ya kuwa zawadi ya kweli hutolewa pasipo nia ya kurudishiwa kitu. Mfumaji aijua sheria hiyo mikononi mwake. Asipokata uzi na kuufunga katika kitanzi cha mwisho, kazi yote yaweza kufumuka kwa kuvutwa tu. Vivyo hivyo, atoaye huku ameshika ncha ya uzi hajatoa bado.

Basi mama yule hakukosa. Bulangeti lilitolewa kwa ajili ya uzima wa mtoto, likauzwa kwa ajili ya uzima wake. Imempasa tu kumwendea mtoaji na kumwambia kweli, bila kuficha. Naye mtoaji ana ruhusa ya kuhuzunika, maana kazi ilikuwa njema. Lakini asimhesabie jirani yake kosa. Na siku atakapoliona bulangeti lile mgongoni mwa mama asiyemjua, likimfunika mtoto mwingine, asigeuze uso.