Picha nzuri yatosha?

Tufikiri kidogo. Kaskazini mwa Norwei, karibu na mji wa Vardø, kiko kisiwa cha Hornøya. Mwezi wa Machi, theluji ingali juu ya mawe, ndege wa bahari wanarudi kwa maelfu, na wapiga picha wanawafuata. Kupenda uzuri si kosa. Lakini wako ndege weusi wenye kifua cheupe ambao, baadaye kidogo, hutaga yai moja tu juu ya jabali tupu, pasipo kiota. Mtu akiwakaribia mno, wanaruka kwa hofu. Yai linaanguka, ao shakwe wanalinyakua. Picha imepatikana, kinda amepotea. Basi twasema: jicho laweza kutazama, lakini lisiharibu kinachotazamwa. Apendaye kweli husimama mbali na kungojea, hata akirudi bila picha.