Kilemba cha Fundi

Mwaka 1414, katika mahakama moja ya Uingereza, ilisikilizwa kesi ya John Dyer, mtia rangi nguo aliyekuwa ameweka dhamana kwamba kwa nusu mwaka hatafanya kazi yake katika mji wa mdai wake. Jaji Hull alikasirika. Aliapa kwamba lau mdai angekuwapo mbele yake, angemtia gerezani mpaka alipe faini kwa mfalme. Hasira hiyo haikumwelekea aliyetoa ahadi bali aliyeidai.

Kwa msomaji aliyelelewa kuamini kwamba ahadi ni deni, hapo pana kikwazo. Mtu mzima ametia saini kwa hiari yake. Kwa nini asibanwe na neno lake? Swali hilo hurudi kila mara mwajiri anapomshtaki mfanyakazi wake wa zamani aliyehamia kwa mshindani, kwa hoja kwamba alikubali sharti la kutoshindana. Kusema tu kwamba mwajiri ana nguvu na mfanyakazi ni mnyonge hakutoshi. Wanyonge nao huahidi mambo ya haki, na hutakiwa kuyatimiza.

Jibu zuri zaidi limo katika kesi ya mwaka 1711, Mitchel dhidi ya Reynolds. Reynolds, mwokaji mikate, alimwachia Mitchel nyumba yake ya kuokea katika parokia ya St Andrew Holborn, London, kwa miaka mitano. Akaahidi kwamba katika muda huo hataifanya kazi hiyo ndani ya parokia, na akikiuka atalipa pauni 50. Akakiuka, na mahakama ikamwona Mitchel ana haki. Reynolds alikuwa ameuza biashara, na kukaa kwake kando kulikuwa sehemu ya bidhaa. Kurudi mtaani na unga wake kulikuwa sawa na kuuza ng'ombe mchana na kwenda kumkamua usiku.

Mfanyakazi je, ameuza nini? Ameuza saa zake, na saa hizo zimekwisha kutumika. Huko Marekani kampuni ya Jimmy John's iliwatia saini hata watengeneza sandwichi: kwa miaka miwili baada ya kuondoka, wasifanye kazi kwa mshindani aliye ndani ya maili tatu za duka lake lolote. Mwanasheria Mkuu wa Illinois aliishtaki, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kuliacha sharti hilo. Siri ya kupanga nyama juu ya mkate ilikuwa ipi, hakuna aliyeieleza.

Waajiri wana hoja nzito kuliko hiyo. Anayeondoka na daftari la wateja ni mwizi, na sheria za siri za biashara zinamtosha. Lakini yuko muuzaji asiyechukua daftari lolote, ila anawakumbuka wateja wote kwa majina na kwa tabia. Siri na ujuzi vimekaa katika kichwa kimoja, wala hakuna kisu cha kuvitenganisha. Mwajiri anayekosa njia ya kuthibitisha wizi huona afadhali amzuie mtu mzima mzima. Hofu yake inaeleweka. Lakini ugumu wa kuthibitisha wizi haujawa sababu ya haki ya kumfunga jirani kabla hajaiba.

Pwani ya Afrika Mashariki ililijua deni la ujuzi, ikalipatia njia nyingine. Mwanagenzi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, zawadi ya heshima, kisha akaenda na ujuzi wake. Desturi hiyo haikuwa upole mtupu, kwani mwanagenzi alikuwa amekwisha kutumika kwa ujira mdogo au bila ujira. Hata hivyo deni lilikuwa na siku ya kulipwa, na baada ya siku hiyo mikono ilikuwa yake.

Omani, hadi mwisho wa 2020, mfanyakazi mgeni aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji barua ya mwajiri wa kwanza ya kutokuwa na pingamizi. Akiikosa, alitakiwa kukaa nje ya nchi miaka miwili. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021. Halikuwa mkataba wa kutoshindana, lakini lilikuwa ndugu yake: wote wawili humfanya mwajiri wa jana kuwa bawabu wa kazi ya kesho.

Sheria ya biashara ya Ujerumani imeshika njia iliyo karibu na kesi ya mwokaji. Katazo halimfungi mfanyakazi isipokuwa mwajiri ameahidi kumlipa, kwa kila mwaka wa katazo, si chini ya nusu ya ujira wake wa mwisho, na muda hauzidi miaka miwili. Nusu haimtoshi kila mtu. Mtaalamu wa kompyuta anayekaa miaka miwili bila kazi yake hurudi amepitwa. Lakini mwajiri anayetakiwa kutoa fedha hizo hulazimika kukaa na hesabu zake kabla ya kumwita wakili, ajiulize ni wangapi miongoni mwa watu wake wanaobeba siri kweli. Mtengeneza sandwichi hatakuwamo katika hesabu hiyo.