Kuvumilia Si Kuridhika

Swali la makala hii ni dogo, lakini limetusumbua sana kwenye kikundi chetu cha vijana: kiumbe akivumilia mahali ulipomweka, je, hiyo ni dalili kwamba mahali pale panamtosha?

Tulilipata kupitia samaki. Ofisi moja ya mjini ina samaki wa dhahabu ndani ya bakuli la kioo, juu ya meza ya mapokezi. Kijana wa miaka 14 aliyeenda pale na mama yake alirudi akaniuliza, "Yaya, ule samaki alikosa nini hata bakamufunga?" Wenzake wakacheka. Kwa sisi tuliotoka Uvira, Baraka au Fizi, samaki ni chakula: ndagala, mukeke, basi. Kumfuga wa kumtazama tu ni jambo la kuchekesha. Lakini swali lilikuwa la kweli, na mdahalo wa Jumamosi ile tukaufanya juu yake.

Kwanza tumjue mwenyewe. Samaki wa dhahabu walianza kufugwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwenye madimbwi. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20, na anaweza kufika sentimita 20 au zaidi. Ndani ya bakuli wengi hufa mapema, halafu watu husema, "Samaki hawa hawaishi sana." Kumbe tatizo ni nyumba.

Kinachomuua mara nyingi ni maji yake mwenyewe. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia mashavu, na chakula kinachooza kinaiongeza. Amonia ni sumu, inaunguza mashavu. Kwenye tangi kubwa lenye chujio kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo si kali sana. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga, na bakuli tupu halina mahali pa kuwaweka. Maji yanaweza kuonekana safi kabisa, na samaki anaungua ndani yake.

Lakini samaki huyu ni mgumu. Maji baridi yakiishiwa oksijeni, samaki wengi hufa upesi. Yeye mwili wake unageuza asidi inayojikusanya kuwa pombe, kisha anaitoa nje kupitia mashavu. Anachelewa kufa, na kwa sababu hiyo watu wanadhani bakuli linamfaa. Uvumilivu wake umekuwa kisingizio cha kumpa kidogo.

Waliotetea bakuli walisema mambo mawili yenye nguvu. La kwanza: samaki yule analishwa kila siku, hakuna ndege wala nyavu, ziwani angekuwa ameshaliwa. La pili lilisemwa na msichana aliyekuja moja kwa moja kutoka foleni ya bomba: "Watu hawana maji, ninyi munalilia samaki?"

La kwanza nalijibu hivi. Usalama ni kitu kikubwa. Aliyeona vita hawezi kuudharau. Lakini usalama haumalizi hesabu. Ziwani, maji yakiharibika samaki anaogelea kwenda kwingine. Ndani ya bakuli hawezi. Ukimfunga kiumbe, umechukua uwezo wake wa kujitafutia, na uwezo ule uliouchukua umekuwa deni lako.

La pili ni gumu zaidi, na hesabu inampa haki yule dada. Wafugaji wengi hushauri tangi la lita 75 hivi kwa samaki mmoja, na kubadilisha kama robo ya maji kila wiki, yaani karibu jerikeni moja la lita 20. Kiwango cha chini cha Sphere, ambacho mashirika hutumia wakati wa dharura, ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa hiyo tangi moja ni maji ya watu watano kwa siku nzima. Anayepanga foleni asimnunue, na hana kosa lolote. Deni linaanza siku unapomfunga, na aliyekwisha kumfunga hawezi kusema "kuna watu wana shida zaidi" ili asibadilishe maji. Shida ya jirani hailipi deni lake.

Wengine wameliandika jambo hili katika sheria. Mji wa Monza, Italia, ulikataza bakuli za mviringo mwaka 2004, Roma ikafuata mwaka 2005. Kanuni za Uswisi za mwaka 2008 zinataka wanyama wanaoishi kwa kundi wasifugwe peke yao.

Wazee wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Samaki hawezi kutuambia, kwa hiyo anayemfuga lazima asome dalili: anahema juu ya maji, amekunja mapezi, amekaa chini bila kusogea. Ampe tangi refu lenye chujio, chakula kidogo anachomaliza kwa dakika mbili, na mwenzake kama nafasi ipo. Maji yaliyotiwa klorini kama haya ya kwetu ayaache siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi kabla ya kuyatumia. Na akishindwa, ampe mtu mwenye tangi au dimbwi. Asimmwage mtoni; atakua, atazaana, na kuharibu maji ya samaki wengine.

Mwisho wa mdahalo vijana walitaka kuhitimisha kwamba sisi ndio ule samaki. Niliwakatalia. Samaki hawezi kuulizwa. Mtu anaulizwa na anajibu. Anayefuga samaki kwa kusoma dalili amefanya anachoweza, lakini anayehudumia watu kwa kutazama tu kama bado wanatembea na kucheka hajafanya kazi yake. Ndiyo, humu kambini tunacheka, tunacheza mpira, tunafunga ndoa, na furaha hiyo ni ya kweli. Lakini mtu asiandike kwenye ripoti kwamba panatutosha kabla hajatuuliza.

Na sisi wenyewe tusijitoe kwenye swali. Kuna kuku aliyefungwa kamba mguuni tangu asubuhi. Kuna mtoto wa marehemu ndugu tunayemlea, anayelala karibu na mlango, asiyelalamika hata siku moja, na tunamsifu kwamba ni mtoto mzuri, amezoea. Huyo anaweza kuulizwa. Wewe msomaji, ulimuuliza lini?